Mkasi katika Pango la Teódulo

Casilda Revilla alikuwa mbishi wa kuzaliwa, na kiangazi kile cha mwaka tisini na nne ubishi ulimfaa kuliko shahada zake zote. Kwa miaka mitatu na ushei, katika maabara moja ya Madrid, alikuwa akiifukuzia sumu ya ukungu. Ukungu wenyewe hautishi. Ukiupanda katika chupa yenye mchuzi wa mahindi huota vishina virefu vyenye vichwa vya kijani hafifu, na asiyejua angeweza hata kuusifu. Lakini humo mchuzini hutema protini moja ndogo, ya asidi amino mia na hamsini tu, ambayo maabarani waliipa jina la utani: Mkasi.

Mkasi ulistahili jina lake. Ndani ya kila seli, iwe ya mtu au ya sungura, kuna viwanda vidogo viitwavyo ribosomu, na ndivyo vinavyotengeneza protini zote za mwili. Kiwanda kimoja kina uzi wa maelfu ya viungo. Mkasi ukiingia haupapasi wala haubahatishi. Hukata uzi ule mahali pamoja tu, palepale kila mara, na kiwanda kizima husimama. Kisha hugeukia kiwanda cha pili, na cha tatu, mpaka seli ife.

Sasa swali lililomkaa Casilda rohoni ni hili: Mkasi unapajuaje mahali pale? Kati ya maelfu ya viungo, kitu kisicho na macho kinaijuaje sehemu ile moja? Jibu limo katika umbo lake, na umbo la kitu kidogo namna hiyo halionekani kwa hadubini ya kawaida. Sharti molekuli zenyewe zikubali kujipanga, mabilioni kwa mabilioni, safu juu ya safu kama matofali ukutani, mpaka ziwe fuwele. Fuwele hupigwa eksirei, eksirei hutawanyika nukta nukta, na katika nukta hizo mwenye hesabu zake husoma umbo lote, kila pindo na kila kona.

Mkasi haukukubali kujipanga. Kwa miaka mitatu ulimpa fuwele za umbo la sindano, nyembamba kama unywele wa paka, zisizofaa kitu. Ila mwezi wa Mei aligundua jambo. Matone ya Mkasi aliyoyasahau katika stoo ya chini yalikuwa yameanza kutoa fuwele nene, za pembe nzuri, halafu joto likapanda na zote zikayeyuka. Alikaa chini na daftari lake akapiga hesabu. Mkasi ulitaka nyuzi kumi na tatu za joto, zisipande wala kushuka, na wiki sita bila kutikiswa. Haukutaka zaidi ya hapo. Na jengo lile la Madrid lisingeweza kuupa hata hayo, maana mitambo yake ya baridi ilinguruma mchana kutwa, na Agosti yote jengo hufungwa na umeme wa vyumba vya baridi hukatwa.

"Mwanangu, acha," alisema don Baldomero Ansúrez, mkuu wa maabara, mzee mpole aliyekuwa tayari amevaa kofia ya likizo. "Agosti hata Mungu hayupo Madrid. Andika tasnifu yako bila umbo. Ni kazi nzuri vilevile."

"Ni kazi nusu, don Baldomero."

"Ufadhili wako unakwisha Oktoba. Na wale wenzetu wa nje wanasemekana wameshapata fuwele."

"Wanasemekana. Mie nipe Mkasi wote uliobaki barafuni."

"Wote?"

"Nikishindwa si wewe utakayeandika tasnifu nusu. Ni mimi."

Don Baldomero alimtazama, akavua kofia, akaivaa tena. Ndani ya jokofu kulikuwa na vichupa vinne tu vya Mkasi safi, mavuno ya mwaka mzima. Alimpa vyote vinne.

Casilda alipanda basi la Fuentelobos, kijiji chao huko Zamora, na sanduku la barafu mapajani. Pale nyuma ya kijiji, chini ya kilima, kila ukoo una pango lake lililochimbwa na mababu, na pango la baba yake, marehemu Teódulo, lilikuwa la jibini. Kiangazi kiwake, theluji ianguke, humo ndani ni nyuzi kumi na tatu. Teódulo alifariki Februari, kondoo wakauzwa, na rafu zikabaki tupu. Casilda alipozitazama rafu zile alihisi uchungu, kisha akahisi furaha, kisha akaona aibu kwa kuifurahia nafasi ile.

Aibu ilikuwa na sababu nyingine. Siku ya mazishi alifika kwa basi la jioni, akazika, na kesho yake asubuhi akaondoka kwa sababu matone yalimngoja Madrid. Misa za siku tisa zilisomwa bila yeye. Kijijini mambo kama hayo hayasahauliki, na aliyeyakumbuka kuliko wote alikuwa kaka yake, Fabriciano.

"Unaleta sumu kwenye pango la baba?" aliuliza Fabriciano, amesimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Sumu isiyodhuru mtu, Fabri. Haiwezi hata kupenya ngozi. Imo kwenye matone madogo, chini ya vioo, nimeziba kwa grisi."

"Baba alipangusa ukungu kwenye jibini miaka arobaini. Wewe unauleta kwa basi."

"Mwache mwenzio," alisema mama yao, Eutiquia, mwanamke mfupi aliyekuwa bado na nguo nyeusi. "Pango liko tupu. Lifanye kazi."

Basi tarehe kumi na tano Julai Casilda alifunga kibwebwe. Alitandaza sahani mbili za plastiki juu ya rafu ya mwisho kabisa, akatega matone arobaini na manane, kila tone lining'inie chini ya kioo chake, akafunga mlango akaweka ufunguo shingoni. Kila asubuhi alifungua, akasoma kipimajoto, akafunga. Hakugusa kitu. Kuhusu watu kuingia hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Nyumba ina msiba, alijiambia. Mwaka mzima hakuna ngoma, hakuna karamu, na pango la marehemu hufungwa. Aliyahesabu maombolezo kama mtu anavyohesabu kufuli.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtoto wa kijiji aliyeondoka mapema. Mgeni asingejua lolote, mkaaji angejua yote. Yeye alijua nusu.

Jumapili tarehe kumi na nne Agosti, baada ya misa, alimkuta mzee Honorino akifagia mbele ya pango. Honorino alikuwa mpiga ngoma wa kundi la Fuko, wanaume ishirini na watatu ambao tangu ujana wao walikula, walikunywa na kuimba pamoja kila sikukuu ya Mtakatifu Roko. Teódulo alikuwa mwenzao. Jina la Fuko walilipata kwa kupenda kwao kukaa chini ya ardhi, hasa palipo na divai.

"Mzee Honorino, unafagia nini?"

"Nafagia ukumbi, binti. Jumanne Fuko wanakuja."

"Wanakuja wapi? Nyumba ina msiba!"

"Ndiyo maana wanakuja." Mzee alicheka akaegemea ufagio. "Hukufundishwa? Fuko akifa, Roko ya kwanza kundi huingia pangoni kwake. Tunakunywa divai kwa jina lake, tunaimba, tunacheza ngoma yetu ya jota, tunakanyaga sakafu kwa nguvu zote ili asikie huko aliko kwamba sikukuu ipo. Tulipomfanyia Evilasio dari ilidondosha jiwe."

Casilda aliona giza. Wiki ya tano ilikuwa inaanza, wiki ambayo molekuli za Mkasi, kama zilikuwa na nia yoyote, ndiyo kwanza zilikuwa zinatafuta namna ya kusimama safu. Wanaume ishirini na watatu wenye viatu vya kazi, jasho, pumzi na ngoma. Asingebakiwa na kitu. Alirudi nyumbani mbio akamuuliza mama yake kwa nini hakumwambia.

"Hukuuliza," alisema mama. "Na mwanangu, asiyekuwepo na lake halipo. Haya yalipangwa zile siku tisa."

Jumanne saa kumi na moja jioni walikuja. Tarumbeta mbele, ngoma nyuma, viriba vya divai mabegani, na Fabriciano katikati yao amevaa skafu ya baba yake ya kundi. Casilda alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha pango, mgongo mlangoni. Hakuwa amekula tangu asubuhi.

"Ondoka hapo, Casilda," alisema Fabriciano.

"Siondoki."

"Jamani, daktari amegeuka mbwa wa zizi!" alipiga kelele mmoja nyuma, na wenzake wakaangua kicheko.

"Mbwa wa zizi ana faida kuliko wewe, Primitivo, maana yeye kondoo anawajua," alijibu Casilda, na kicheko kikamgeukia Primitivo. Fabriciano hakucheka.

"Hili ni la baba," alisema. "Si langu, si lako. Kila mmoja wa hawa alimbeba baba begani. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Usiku mmoja! Ulikuja kama mtu wa kusoma mita ya umeme!"

Casilda alisimama. Alikuwa amejiandalia maelezo ya ribosomu na nyuzi za joto, akayaacha yote.

"Ni kweli," alisema. "Niliondoka kwa ajili ya matone. Na yale matone yalitoa sindano, nikayamwaga. Nilimwacha baba kwa kitu nilichokuja kukimwaga, Fabri, na naona aibu mpaka leo, sitaki mtu anifariji. Lakini yaliyomo humu ndiyo ya mwisho. Yakiharibika nitakuwa nimemwacha bure. Nipige, nivute, sitoki."

Chini bondeni watoto walikuwa wakifukuza ndama kwenye uwanja, wakipiga yowe. Honorino alivua ngoma yake bila haraka akaiweka chini kwenye nyasi.

"Mimi nina miaka sabini na sita," alisema, "na sheria za Fuko nazijua zote, nyingine nilizitunga mwenyewe. Ipo sheria kwamba lazima tuingie. Hakuna sheria kwamba lazima tuvae viatu."

"Mzee Honorino!" alisema Fabriciano.

"Tulia, kijana. Wala hakuna sheria kwamba lazima tuingie kwa mkupuo. Binti, mmoja mmoja inawezekana? Kikombe kimoja, kimya, kisha nje. Kukanyaga tutakwenda kukanyaga kule uwanja wa kupuria ngano. Teódulo alikuwa na sikio zuri, atasikia."

Casilda alipiga hesabu kichwani. Pumzi ya mtu mmoja, dakika mbili, rafu ya mwisho iko mita kumi na nne ndani. Kukataa lilikuwa jambo salama, na mdomo wake ulikuwa tayari umeshafunguka kukataa. Kisha akawatazama wale wazee, skafu zao zimepauka, wanamngoja binti wa rafiki yao awape ruhusa ya kumuaga.

"Soksi tu," alisema. "Hakuna kupita rafu ya kwanza. Nitashika kipimajoto. Kikipanda nusu nyuzi, nafunga, hata kama ni zamu ya askofu."

Kijiji hakijawahi kuona jambo kama lile. Kundi lenye kelele kuliko yote Fuentelobos lilivua viatu kwenye nyasi, jozi kwa jozi, na soksi zenye matundu zikaonekana hadharani, jambo ambalo wake zao hawakulisamehe upesi. Waliingia mmoja mmoja kwa ncha za vidole. Mmoja alitoka analia. Primitivo alibanwa na chafya humo ndani, akakimbilia nje amejishika pua kwa mikono miwili, akapiga chafya huku anakimbia mteremko. Casilda alisimama gizani na tochi yake, macho kwenye kipimajoto. Kilipanda robo nyuzi, kikatulia.

Walipomalizika ishirini na wawili alitoka nje kumwita wa mwisho. Fabriciano alikuwa ameketi kwenye jiwe na viatu vyake miguuni.

"Njoo, Fabri. Zamu yako."

"Mimi siingii kwa baba yangu kama mwizi," alisema. Alimwaga divai ya kikombe chake chini, akaondoka. Hakusema na dada yake tena kwa wiki mbili, ingawa walikula meza moja na chumvi ilipitia kwa mama.

Tarehe thelathini Agosti Casilda aliingia pangoni na hadubini ndogo ya kukunja. Wiki sita zilikuwa zimepita, na siku za nyongeza juu yake kwa sababu ya woga. Alianza tone la kwanza. Tupu. La pili, sindano. La tatu, tope. Alikwenda hivyo safu baada ya safu bila kujiruhusu kufikiri. Tone la arobaini na moja lilikuwa na fuwele.

Ilikuwa moja tu, kubwa kama chembe ya chumvi, nene, yenye pembe kali na pande safi. Casilda aliitazama mpaka macho yakajaa maji, ikapotea, akayapangusa akaitazama tena. Matone saba yaliyobaki hayakuwa na kitu.

Hakumwita mama yake. Alikwenda moja kwa moja mpaka uani ambako Fabriciano alikuwa akikaza gurudumu la lori.

"Njoo uone," alisema.

Fabriciano aliendelea kukaza nati. Kisha akaiweka spana chini, akamfuata. Mlangoni mwa pango alisita, akavua viatu bila kuambiwa. Aliinama juu ya hadubini kwa muda mrefu.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Hii ndiyo iliyokuondoa kwa baba."

"Ndiyo."

Alinyanyuka. Casilda alingoja tusi, na angelipokea. "Utaipelekaje?" aliuliza Fabriciano.

"Nitaivuta ndani ya mrija wa kioo, niuzibe kwa nta. Halafu basi la asubuhi."

"Basi!" Fabriciano alitema neno lile kama mbegu. "Lile basi la Saturnino halina springi tangu enzi za Franco. Utafika na unga. Nitakupeleka mwenyewe."

Waliondoka Septemba mosi kabla jua halijachomoza, kwa gari dogo la marehemu. Casilda alishika kopo la pamba mikononi, mrija umelala ndani yake, viwiko vyake havigusi kitu. Fabriciano, mtu ambaye siku zote alilipita kila gari lililokuwa mbele yake, aliendesha kilomita sitini kwa saa njia nzima, mikono miwili kwenye usukani. Malori yaliwapigia honi. Hata lori la majani makavu liliwapita huko Tordesillas na dereva akawapungia mkono kwa huruma. Penye kila tuta Fabriciano alisema "Shika," na gari likapanda na kushuka polepole.

Chumba cha eksirei kilikuwa chini kabisa ya jengo. Don Baldomero, amebabuka pua kwa jua la likizo, aliwapokea, akautazama mrija, akajikuta hana utani. Casilda aliifunga fuwele mbele ya mtambo, akafunga milango mizito ya madini ya risasi, akawasha. Fabriciano aliambiwa angoje kwenye korido, au aende zake akanywe kahawa. Alikaa kwenye benchi la korido.

Picha ya kwanza ilichukua dakika ishirini. Ilipojitokeza kwenye skrini, mwanzoni Casilda hakuona kitu kwa kuwa aliogopa kutazama. Kisha aliona nukta. Zilikuwa mamia, kali, kila moja mahali pake, safu zinatoka katikati na kuendelea, zinaendelea, mpaka kwenye ukingo wa picha.

"Mpaka ukingoni," alisema don Baldomero taratibu. Akavua miwani. "Binti, hapa tutaona kila atomu. Tutaona ncha zenyewe za mkasi."

Casilda alitoka nje. Kaka yake alisimama.

"Imekubali?"

"Imekubali, Fabri. Yote. Sasa ni miezi ya hesabu tu, na tutaliona umbo."

Fabriciano aliitikia kwa kichwa, akaketi tena, mzito, kama mtu aliyeshusha gunia. Akatazama sakafu.

"Nilikuwa naomba ivunjike," alisema. "Usikasirike. Toka nyumbani mpaka hapa, njia nzima, naomba ivunjike, ujue nilivyojisikia mimi zile siku tisa. Na kila tulipofika kwenye shimo naona mguu wangu uko kwenye breki. Sijui nani aliuweka."

Casilda aliketi kando yake. Kwa mara ya kwanza maishani hakubisha. Alimshika kaka yake mkono, ule mkono mpana wenye mafuta ya gari kwenye kucha, naye hakuuvuta. Wakalia wote wawili hapo kwenye benchi, kilio cha Februari, wanafunzi wakipita na kujifanya hawaoni, mpaka don Baldomero alipochungulia mlangoni kusema kwamba picha ya pili ilikuwa tayari.